Ukipewa Nafasi ya Kusema Nyakiyumbu

Kama una wazo la kazi na unataka kujua lina nguvu kiasi gani, usilipeleke kwanza kwenye ukumbi wenye viyoyozi. Lipeleke Nyakiyumbu, wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Ukitoka mji wa Bwera unapanda bodaboda tu. Upande mmoja milima ya Rwenzori imepanda mpaka kilele cha Margherita, mita 5,109. Upande mwingine tambarare ya pamba inateremka kuelekea Ziwa Edward na hifadhi ya Queen Elizabeth. Ng'ambo ya mto Lhubiriha, pale Mpondwe, ni Kongo.

Watu wa huko wamekwisha kuhutubiwa. Wamehutubiwa kuhusu pamba, kahawa, wanyama wanaotoka hifadhini kuingia mashambani, chanjo, vyoo, mikopo, usawa wa kijinsia na sasa mabadiliko ya tabianchi. Kila gari jeupe lililotimua vumbi lilikuwa na wazo ndani. Kwa hiyo masikio yao yamekomaa, na dakika tano zinawatosha kujua kama aliyesimama mbele anasema lake au anasoma la mkubwa wake. Hawatakuzomea. Watakupigia makofi, watakunywa soda, watatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, halafu watarudi shambani kufanya vilevile walivyofanya jana. Hayo makofi yamewapoteza wataalamu wengi.

Vidokezo hivi ni vya afisa ugani, muuguzi, mwalimu, meneja wa ushirika, na yeyote ambaye wazo lake haliwezi kwenda popote bila watu kumwamini. Kama unafanya kazi Dodoma au Nairobi, badilisha majina ya mahali tu.

1. Kaa kwenye benchi kwanza

Fika mapema. Asubuhi sema "Wabukire", na mchana ukisogea sema "Wasibire". Hata kama Kilhukonzo chako, lugha ya Wakonzo wa huko, kimeishia hapohapo, endelea kwa Kiswahili. Hakuna atakayeshangaa, maana Kiswahili kinavuka daraja la Mpondwe kila siku pamoja na vitenge na samaki.

Usikimbilie meza kuu. Mwenyekiti wa LC I, baraza la kijiji, atakuita mbele wakati ukifika. Katika ile nusu saa ya kukaa na watu utasikia pamba inauzwaje, mvua imeharibu wapi, na nani amefiwa. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko slaidi zako zote. Kama kuna msiba kijijini, nusu ya wasikilizaji wako hawapo, na nusu iliyokuja inataka kumaliza iende matangani. Mtu mwenye utu hafungui projekta siku hiyo. Anasema pole, anaeleza jambo lake kwa dakika kumi, anaomba tarehe nyingine.

2. Jifunze majina, na usiishie kwenye jina la kwanza

Wakonzo humpa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa. Wa kiume wa kwanza ni Baluku au Mumbere, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule. Wa kike wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Ukivuka mpaka ukaingia kwa Wanande, ndugu zao wa upande wa Kongo, Bwambale anakuwa Kambale na Masereka anakuwa Kasereka.

Sasa wewe uliyeandika kwenye daftari "Baluku alipendekeza tuchimbe mitaro", umeandika nini? Mkutanoni kina Baluku wamejaa. Uliza jina la pili, uliza ni Baluku wa nyumba ipi. Mtu akisikia wazo lake likitajwa kwenye gombolola, juu ya ngazi ya kijiji, kwa jina lake kamili, mkutano ujao atakuja na lingine. Akisikia "mkulima mmoja alisema", atakaa kimya, na ana haki.

3. Vifupisho viache garini

Uganda ilianzisha huduma ya ushauri wa kilimo ya NAADS mwaka 2001, ikaja Operesheni ya Kuunda Utajiri mwaka 2013, ambayo kila mtu anaiita OWC, kisha Februari 2022 ukazinduliwa mpango wa PDM, wenye ahadi ya shilingi milioni 100 za Uganda kwa kila muluka (ngazi iliyo juu ya kijiji) kwa mwaka na milioni moja kwa kaya inayokopa. Mkulima wa miaka sitini ameishi chini ya herufi kubwa nyingi kuliko anazoweza kuhesabu. Ukimwongezea nyingine anasikia jambo moja tu: hawa nao watapita.

Sema fedha ni za nani, zitafikaje, nani atazilipa na lini. Na ukishafuta vifupisho, futa na maneno ya ripoti. Hakuna mtu anayeamka asubuhi akamwambia mkewe, "Mama Masika, mimi ni mnufaika." Ukikuta umeandika "kuwajengea uwezo", jiulize: uwezo wa kufanya nini? Jibu likija, liandike hilo jibu. Lisipokuja, hukuwa na cha kusema.

4. Taja gharama ya wazo lako kabla hawajakutajia wao

Chukua kahawa. Kwenye miinuko ya Kasese, arabika ndiyo ada ya shule. Kwa miaka mingi sehemu kubwa imeuzwa kama "drugar", yaani imekaushwa na ganda lake, kwa bei ya chini. Ile inayomenywa, ikaoshwa na kuanikwa vizuri kwenye vichanja hupata bei bora. Kwa hiyo wazo la mtaalamu ni fupi na tena ni sahihi: chumeni nyekundu tu.

Limesemwa mara ngapi? Na mbichi bado zinachumwa. Ada inadaiwa leo. Mwizi wa usiku hangoji ziive. Yuko mfanyabiashara aliyekwisha kukopesha kahawa ikiwa bado ua mtini, naye anataka chake. Tena kuchuma nyekundu tu maana yake ni kurudi kwenye mti uleule mara kadhaa, mlimani, na kikapu mkononi. Anayerudi mara nyingi ni mama mwenye nyumba, ambaye siku ya kupima huenda hata hayupo karibu na mizani.

Ukisimama ukasema "mkichuma nyekundu mtapata faida", umesema nusu ya kweli, na wote waliokaa mbele yako wanaijua nusu uliyoiacha. Anzia kwenye hiyo. Sema: najua hili litawaongezea kazi, najua mbichi zinachumwa kwa sababu, hesabu yangu ni hii. Kisha toa hesabu ya kilo na shilingi kwa bei ya wiki hiyo, iandike pale kila mtu anapoiona, na uwape chaki waipinge. Watakaoipinga wamekusikiliza.

Ofisini hakuna tofauti. Ukipendekeza mfumo mpya wa kumbukumbu, dada wa kaunta anajua nani atakayebaki jioni akiingiza majina. Litaje hilo kikaoni, mbele ya bosi, kabla hujafika kwenye uzuri wa mfumo. Utashangaa ni watu wangapi wataacha kukupinga kwa sababu tu umewaona.

5. Chora lako kwanza

Hili nitalikalia kidogo, kwa sababu Kasese ina cha kufundisha wengine.

Kule Kyarumba, milimani, uko ushirika wa Bukonzo Joint, wa wakulima wa kahawa na wakopaji wadogo. Wao ni miongoni mwa walioikuza mbinu iitwayo GALS (naam, nayo ni kifupisho, lakini kazi yenyewe ni kuchora), pamoja na Linda Mayoux na shirika la Oxfam Novib la Uholanzi. Hakuna hotuba ya usawa wa kijinsia. Kila mtu anapewa karatasi na kalamu za rangi, hata asiyejua kusoma, anachora mti wa nyumba yake.

Kwenye shina anawaweka waliomo: mke, mume, watoto, bibi. Kwenye mizizi anachora kazi: upande mmoja za wanawake, upande mwingine za wanaume, katikati wanazofanya pamoja. Kwenye matawi anachora fedha zinakokwenda: matumizi ya mama, matumizi ya baba, na ya nyumba nzima. Kandokando ya shina anaonyesha mali ni ya nani na nani anaamua. Akimaliza anautazama. Upande gani mizizi imejaa? Upande gani matawi yamelemea? Mti utaanguka kuelekea wapi?

Hapo hakuna haja ya mtaalamu kusema neno. Mzee amejichorea mwenyewe jembe, kikapu, kuni, maji na mtoto mgongoni upande mmoja wa mizizi, kisha bia upande wa pili wa matawi. Watu wanacheka, naye anacheka, na kicheko hicho hakina aibu ya kusutwa kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwake. Anazungusha duara kwenye jambo moja analotaka kulibadilisha. Halafu anakwenda kumwonyesha jirani, jirani naye anachora wa kwake. Wazo limesambaa hivyo, mtu kwa mtu, na ziko nyumba zilizofikia kuandikishana mashamba ya kahawa kwa jina la mke na mume pamoja, jambo ambalo semina za miaka nenda miaka rudi zilikuwa zikiliimba tu.

Funzo ninalolichukua ni dogo na la vitendo. Kabla ya kuwaomba watu wafungue nyumba zao, fungua yako. Afisa anayeongoza zoezi achore mti wake mwenyewe ubaoni, na uwe wa kweli: kama nyumbani kwake yeye ndiye tawi lililolemea, alionyeshe. Hapo chumba kinabadilika. Aliyekuja kufundisha amekuwa mmoja wa waliochora.

Na hata usipofundisha usawa wa nyumbani, mchoro wa mkono una faida ambayo slaidi haina: unakubali kusahihishwa. Mama akiona duara lako limepinda na mto umeuchora upande usio wake, atasimama achukue kalamu. Slaidi iliyotengenezwa Kampala, yenye nembo tatu chini, nani ataigusa?

6. "Sijui" ni jibu kamili

Tarehe 11 Juni 2019 ilithibitishwa kwamba mtoto wa miaka mitano, aliyevuka na familia yake kutoka Kongo, ana Ebola. Alikuwa amefikishwa hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa kituo cha matibabu cha Bwera. Yeye alifariki, na bibi yake akamfuata. Mdogo wake naye alikuwa ameambukizwa. Upande wa Kongo mlipuko ulikuwa ukiendelea tangu Agosti 2018, na hadi ulipotangazwa kwisha Juni 2020 ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Upande wa Uganda ugonjwa haukuenea. Wahudumu wa afya karibu 4,700 walikuwa wamekwisha kuchanjwa, na watu wa mpakani walikuwa wameambiwa mapema nini cha kutazama.

Lakini serikali ilisitisha mikusanyiko Kasese, siku za soko zikiwamo. Sasa jiweke mahali pa muuguzi kijana. Mbele yako kuna mama mwenye matenga ya nyanya yanayoiva kwa kasi. Anauliza: soko litafunguliwa lini?

Jibu la ofisi liko tayari: "Hali inafuatiliwa kwa karibu na mamlaka husika." Mama huyo hajapata kitu, na amejua kwamba wewe umejificha. Jibu la mtu ni hili: "Mama, sijui. Anayeamua si mimi. Ninalolijua ni kwamba ugonjwa unapita kwa kugusana, na sokoni tunagusana sana. Nikipata neno lolote nitampigia mwenyekiti siku hiyohiyo." Nyanya bado zitaoza. Lakini kesho ukimwambia anawe mikono atanawa, kwa sababu jana hukumdanganya.

Kule Beni, upande wa Kongo, watu walikuwa na swali gumu zaidi. Wamekuwa wakiuawa na makundi yenye silaha kwa miaka, na magari ya misaada hayakuja kwa wingi namna hiyo. Mbona kwa Ebola yamekuja mengi? Swali hilo si ujinga wa kutoelewa virusi. Ni hesabu sahihi kabisa. Aliyelijibu kwa kipeperushi cha dalili za homa alikuwa amekwisha kuwapoteza, na aliyekaa chini akakubali kwamba swali ni la haki alibaki na nafasi ya kusema la kwake.

7. Maneno ya kuazima yanajulikana

Siku hizi programu ya akili mnemba kwenye simu itakuandikia hotuba ya mkutano wa kijiji kwa sekunde chache. Itumie ukitaka, kwa kupanga mambo au kukagua tarakimu. Lakini isome kwa sauti mbele ya mtu wa nyumbani kwako kabla hujaenda nayo. Akikuuliza "ni nani huyo anayeongea?", unajua la kufanya. Hotuba hizo zina alama moja: zingeweza kusomwa Bwera, Tabora au Lamu bila kubadilisha neno. Weka ndani yake jambo ambalo ni wewe tu uliyekuwapo ungeweza kulijua: ule mtaro ulioziba karibu na shule, bei uliyoisikia kwenye benchi asubuhi ileile.

8. Chekesha, ila ujicheke wewe na ofisi yako

Utani juu ya fomu zenu za nakala tatu unaruhusiwa siku zote. Utani juu ya lafudhi ya mzee hauruhusiwi hata kidogo.

9. Taja uliyempokea wazo

Hili linawauma wenye elimu kuliko wengine. Unasikia jambo zuri kwa mama anayeuza bundu (ugali wa muhogo) na sombe (kisamvu) karibu na kituo cha bodaboda, unalifua, unalipiga pasi, na mwezi ujao linatokea kwenye ripoti yako likiitwa "mkakati". Kwani ungepungukiwa nini kusema umelipata kwake? (Muulize kwanza kama anataka kutajwa. Wengine hawataki, na wana sababu zao.)

Wangari Maathai alipoanza kazi ya miti Kenya mwaka 1977, alisema wazi kwamba wazo lilianzia kwa wanawake wa vijijini waliolalamika kuhusu kuni, maji na chakula. Wataalamu wa misitu waliona kuotesha miche ni kazi ya mwenye diploma. Wanawake wakaotesha kwenye vyungu vilivyovunjika, kwa akili ileile ya kuotesha mahindi na maharage, na Maathai akawa anawaita wanamisitu wasio na diploma. Tuzo ya Nobel ya 2004 ilikwenda kwake, lakini aliendelea kuwasimulia wao. Hakupungua hata kidogo.

10. Badilika mbele ya watu, si nyuma ya pazia

Mtu akikupinga kwa hoja nzuri, usiseme "tutalizingatia". Neno hilo Nyakiyumbu wanalijua, na wanajua linakozikwa. Chukua kalamu, futa, andika upya, wote wakiona. Mwalimu Nyerere, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1977, alitoa tathmini iliyokiri wazi kwamba Tanzania haijawa nchi ya kijamaa wala haijaweza kujitegemea. Alikuwa rais, na Azimio lilikuwa lake. Kama yeye aliweza kusema hivyo kwa nchi nzima, meneja wa ushirika ataweza kusema kwamba kichanja chake kimewekwa mahali pabaya.

11. Rudi, na uwe na nauli

Wazo lililoletwa mara moja ni tangazo. Rudi bila gari jeupe ikiwezekana, siku isiyo na mkutano, uulize imekuwaje. Utaambiwa mambo ambayo hayasemwi mbele ya mwenyekiti: kwamba miche ilikufa, kwamba fedha zilikwenda kwa shemeji wa fulani, kwamba mtaro ulifanya kazi vizuri mno mpaka ukamwagia maji shamba la jirani.

Na ikiwa umeahidi kurudisha nauli, bahasha ziwe tayari kabla ya sala ya kufunga, zenye kiasi kilekile ulichotaja mwanzoni. Ikiitikiwa amina, usianze kumtafuta mhasibu kwa simu. Watu wana boda zinawasubiri nje, na wenye boda nao wanahesabu dakika.